Kionga: Pembetatu ya Sahihi, Deni na Siri

Mwezi Mei 1916 Ureno ilitoa stempu nne za posta kwa ajili ya Kionga. Hazikuchorwa upya. Zilichukuliwa stempu za zamani za Lourenço Marques, mji tunaouita Maputo leo, zenye thamani ya reis 100 na sura ya Mfalme Carlos wa Kwanza. Carlos alikuwa ameuawa kwa risasi barabarani mjini Lisbon Februari 1908, na ufalme wenyewe ukapinduliwa Oktoba 1910, kwa hiyo stempu zilikwisha kugongwa neno REPUBLICA juu ya picha ya marehemu. Sasa zikagongwa mara nyingine: KIONGA, pamoja na bei mpya za nusu senti, senti moja, mbili na nusu, na tano. Mfalme aliyekufa, jamhuri iliyomrithi, na jina la kijiji cha pwani ya Ruvuma, vyote vimebanana kwenye kipande cha karatasi kisichozidi upana wa vidole viwili. Wakusanyaji stempu wa Ulaya walizipenda. Wakazi wa Kionga wenyewe, nadhani, hawakuwa na barua nyingi za kuandika mwezi ule, maana vita vilikuwa mlangoni kwao.

Kionga, ambayo Wareno huiandika Quionga, iko kusini mwa mdomo wa Mto Ruvuma. Msomaji wa Mtwara hahitaji kuelekezwa: ukivuka mto kutoka Kilambo unatokea Namoto, unaendelea kusini unaipata Kionga, na mbele yake Palma. Leo ni sehemu ya wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Watu wake ni Wamakwe, Wamakonde na wengineo, na Kiswahili chao ukikisikia sokoni hutajua kama mwenye kusema kazaliwa upande huu wa mto au ule. Kwenye ramani za zamani eneo lao lilichorwa kama pembetatu: Ruvuma upande mmoja, bahari upande wa pili, na chini mstari ulionyooka wa latitudo ya nyuzi 10 na dakika 40 kusini. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 400, karibu sawa na Kisiwa cha Mafia. Kwa kipande hicho mataifa ya Ulaya yalitoleana matamko, yakapigiana mizinga, na hatimaye yakakipeleka katika mkutano wa amani wa Paris pamoja na hatima ya mataifa makubwa.

Mkanganyiko ulianza mwaka 1886, na ulianza kwa sahihi mbili zilizopishana kwa majuma manane tu.

Tarehe 1 Novemba mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka ya milki ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Tume ya mataifa matatu ilikuwa imekwisha pita pwani nzima kuuliza nani anamtii nani; mjumbe wa Uingereza alikuwa Herbert Kitchener, yule yule ambaye baadaye sura yake ingebandikwa kila ukuta wa London kuwaita vijana vitani. Mapatano yakatamka kwamba pwani ya Sultani inaanzia mdomo wa mto mdogo wa Minengani, katika ghuba ya Tungi, hadi Kipini kwenye Mto Tana, na kuingia bara maili kumi. Tungi iko kusini mwa Ruvuma, pale ilipo Palma ya leo. Kwa karatasi hiyo, Kionga ilikuwa ya Zanzibar bila shaka yoyote. Sultani, aliyekuwa amekwisha nyang'anywa bara lote, aliridhia mwezi Desemba kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Kisha tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani hiyohiyo ikatia sahihi tamko jingine mjini Lisbon, safari hii na Ureno. Mpaka kati yao, likasema, utafuata Mto Ruvuma tangu mdomoni mwake hadi unapopokea Mto Msinje. Kwa karatasi hii ya pili, kila kilichokuwa kusini mwa Ruvuma kilikuwa cha Ureno.

Mwanasheria wa Berlin angekujibu kwa utulivu kwamba hapakuwa na mgongano wowote: tamko la Lisbon lilihusu Ujerumani na Ureno, na ukanda wa Sultani ni jambo la Sultani. Ni jibu la kijanja, na miaka minane baadaye walilitumia hasa. Lakini Ureno ililisoma tamko kwa namna iliyoifaa yenyewe. Haikuwa imekaribishwa katika ile tume ya mipaka, na kwa miaka mingi ilikuwa ikidai kwamba milki yake inafika Rasi ya Delgado na kuipita. Sasa ilikuwa na hati mkononi yenye muhuri wa Bismarck.

Februari 1887 gavana mkuu wa Msumbiji, Augusto de Castilho, akamtaka Sultani aiache Tungi. Barghash aliomba shauri lipelekwe kwa wasuluhishi. Wareno hawakungoja. Waliikamata meli ya Sultani iliyoitwa Kilwa, kisha manowari zao zikaishambulia Tungi na Minengani kwa mizinga. Hebu tuikumbuke hali ya Barghash wakati huo. Mwaka uliotangulia tu mataifa makubwa mawili yalikuwa yameandika kwa wino kwamba ghuba ile ni yake. Alipowageukia, hakuna aliyetuma hata mashua. Uingereza na Ujerumani zilimshauri atulie. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa ili kumwekea mipaka yeye, si kumwekea ulinzi. Na tofauti hiyo aliijua siku mizinga ilipolia. Barghash alifariki Machi 1888.

Mwezi uliofuata mrithi wake, Khalifa bin Said, aliikodisha pwani ya bara kwa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Hadithi ya kilichotokea Agosti mwaka huo, ya Abushiri bin Salim kule Pangani na Bwana Heri kule Sadani, inafundishwa shuleni kwetu, sina haja ya kuirudia, ila kukumbusha kwamba huku kusini nako maofisa wa kampuni walifukuzwa Lindi na Mikindani. Berlin ikatuma jeshi, na mwaka 1890 ikainunua pwani moja kwa moja kutoka kwa Sultani kwa marki milioni nne.

Hapo ndipo yule mwanasheria wa Berlin alipofungua kabati lake. Tumenunua pwani ya Sultani. Pwani ya Sultani, kwa mapatano ya Novemba 1886, inaanzia Minengani. Basi kusini mwa Ruvuma nako ni kwetu. Mwaka 1894 Wajerumani waliingia Kionga na kupandisha bendera. Ureno ilipiga kelele, ikatoa tamko lake la Desemba 1886, ikauliza Ruvuma imehamia lini. Mwaka huohuo ikakubali mstari wa nyuzi 10 na dakika 40: Tungi ibaki kwa Wareno, Kionga iwe ya Wajerumani. Hivyo ndivyo kijiji kimoja kilivyokuwa ncha ya kusini kabisa ya pwani ya koloni lililofika hadi Ziwa Victoria.

Kwa nini Ureno ilinywea namna ile, ilhali miaka saba nyuma ilimpiga mizinga Sultani? Jibu liko Lisbon, katika kashfa iliyouangusha ufalme polepole. Lile tamko la Desemba 1886 lilikuwa limeambatanishwa na ramani iliyopakwa rangi ya waridi kutoka Angola hadi Msumbiji, bahari hadi bahari, kama kwamba Ureno inamiliki kila kilichopo katikati. Wareno waliishangilia. Uingereza, iliyokuwa na mipango yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwenda kaskazini, haikushangilia. Tarehe 11 Januari 1890 serikali ya Lord Salisbury ilimpa mfalme wa Ureno amri ya mwisho: ondoa askari wako katika nchi ya Mto Shire na Mashonaland, au balozi wetu anaondoka na manowari zinakuja. Mfalme alitii usiku uleule. Mfalme huyo ni Carlos, yule wa kwenye stempu, akiwa hata hajatimiza miezi mitatu kitini. Serikali yake ilianguka katika siku chache, wananchi wakajaa barabarani kwa fedheha, ukatungwa wimbo wa hasira ambao tangu 1911 ndio wimbo wa taifa la Ureno, na Januari 1891 wanajamhuri wakaasi mjini Porto. Mwaka 1892 hazina ya Ureno ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Nchi iliyofilisika haibishani na Berlin kwa ajili ya Kionga.

Na deni ndilo jambo ambalo wanahistoria wa mipaka hulipita haraka, ilhali nadhani ndicho kiini chenyewe. Kwa kukosa fedha za kuitawala kaskazini ya Msumbiji, mwaka 1891 mfalme aliikabidhi nchi yote kati ya Ruvuma na Lúrio kwa kampuni binafsi, Companhia do Nyassa. Kampuni ilipewa haki ya kutoza kodi na ushuru wa forodha, kugawa ardhi, kuweka polisi na kulazimisha watu kufanya kazi. Hisa zake zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa London na kwingineko Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuonja chumvi ya bahari ya Kisiwa cha Ibo. Haikujenga reli hadi Ziwa Nyasa kama ilivyoahidi. Ilichokijua vizuri ni kodi ya nyumba, na watu wa Cabo Delgado walijua dawa yake: kufunga mizigo na kuvuka Ruvuma. Baadhi ya koo za Wamakonde walioko Mtwara, Lindi na hata mashamba ya mkonge ya Tanga zilifika kwa njia hiyo.

Kisha yakaja matamko ya siri. Tarehe 30 Agosti 1898 Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mapatano juu ya mali ya mtu wa tatu, wala mwenyewe hakuwa na habari. Kwa kuwa Ureno ilikuwa taabani kifedha, zilisema, huenda itaomba mkopo. Ikiomba, sisi wawili tutaukopesha pamoja, na rehani itakuwa mapato ya forodha ya makoloni yake. Kaskazini ya Msumbiji iliangukia fungu la Ujerumani. Kila aliyesoma alielewa maana: rehani isipolipwa, nchi inakwenda. Ureno ilihisi harufu ya jambo hilo, ikakataa kukopa, na mwaka uliofuata Uingereza ikageuka na kuiahidi Ureno, kwa mapatano mengine ya siri yaliyotiwa sahihi mjini London Oktoba 1899, kwamba itayalinda makoloni yake yote. Ahadi mbili zinazopingana, serikali moja, miezi kumi na minne.

Mwaka 1913 walirudi mezani. Sir Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Prince Lichnowsky, balozi wa Ujerumani, waliandika mgawanyo mpya na kuuwekea herufi za kwanza za majina yao. Haukutiwa sahihi kamwe, na sababu yake inafaa kusomwa kwa makini. Grey alisema hatatia sahihi mpaka mapatano yote yachapishwe: haya mapya, yale ya 1898, na ile ahadi ya 1899 kwa Ureno. Wajerumani walikataa. Waliogopa wananchi wao wakisoma wangegundua jinsi Berlin ilivyochezewa. Shauri likabaki kwenye droo hadi Agosti 1914 vita vilipoanza. Kwa maneno mengine, Msumbiji ya kaskazini, na watu wote waliokuwa ndani yake, haikuokolewa na dhamiri ya mtu yeyote. Iliokolewa na sharti kwamba karatasi isomwe na umma. Sharti lenyewe halikuwekwa kwa ajili yao. Grey alikuwa akijilinda mwenyewe asiumbuke siku ya siri kufichuka. Lilitosha hata hivyo.

Si kwamba Berlin ilikaa kungoja. Mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita, benki za Kijerumani zilinunua hisa nyingi za kampuni iliyokuwa inaimiliki Companhia do Nyassa. Kile kilichoshindikana kwa mkataba kilikuwa kinapatikana dukani. Vita vilipokuja Uingereza ilizitaifisha hisa hizo.

Vita vyenyewe viliifikia Kionga kwa njia ya bandari ya Lisbon. Februari 1916, kwa ombi la Uingereza iliyokuwa na uhaba wa meli, Ureno ilizikamata meli za Wajerumani zilizokuwa zimejificha katika Mto Tejo. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Aprili 1916, askari wa Meja Moura Mendes wakaingia Kionga karibu bila upinzani, na Lisbon ikasherehekea kurudi kwa kile kilichoporwa mwaka 1894. Ndipo stempu zikagongwa. Katika siku hizohizo za mwisho wa Mei, Wareno walijaribu kuvuka Ruvuma kwenda kaskazini wakisaidiwa na mizinga ya manowari yao Adamastor. Walirudishwa na bunduki za rashasha kutoka ng'ambo. Mwezi Oktoba walifika Newala, Novemba wakafukuzwa. Mwaka 1917 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka yeye, kule Negomano, akazunguka Msumbiji kwa miezi kadhaa kama mwenye shamba.

Askari wa Ureno waliokufa kwa malaria na kuhara huku Palma na Mocímboa da Praia ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wana minara yao Ureno. Wapagazi hawana. Makumi ya maelfu ya wanaume wa Msumbiji walishikwa kubeba mizigo ya majeshi ya Ureno na Uingereza, na pale mto ulipokuwa karibu wengi walifanya kama walivyofanya baba zao kwa kodi ya nyumba. Wengine hawakuwahi kuufikia.

Septemba 1919 Baraza Kuu la mataifa yaliyoshinda, likiwa Paris, liliamua kwamba Kionga ni mali ya Ureno. Tanganyika yote iliyobaki iliwekwa chini ya udhamini wa kimataifa mikononi mwa Uingereza. Pembetatu peke yake ilikatwa na kutolewa kamili. Ndicho kipande pekee cha ardhi Ureno ilichopata baada ya kupeleka vijana wake Flanders, Angola na Msumbiji. Baraza lilitumia maneno ya kumpendeza mpokeaji: Ureno ilitajwa kuwa mmiliki wa asili na halali. Huo uasili umenitatiza siku zote. Zanzibar haikuwa na kiti Paris cha kulipingia neno hilo, na Kionga haikuwa na kiti popote.

Unaweza kusema ni historia ya zamani, kijiji kilihamishwa kutoka kwa mkoloni mmoja kwenda kwa mwingine, kuna tofauti gani? Kwa kodi na viboko, pengine si kubwa. Lakini jiulize ingekuwaje kama Baraza lingeuacha mstari wa 1894 mahali pake. Kionga ingeingia Tanganyika pamoja na Lindi na Mikindani, na 1961 ingepata uhuru, si 1975 baada ya miaka kumi ya vita. Na kuna jambo la baharini. Desemba 1988 Tanzania na Msumbiji ziliwekeana mkataba wa mpaka wa bahari. Kwa kuwa nchi kavu inagawanywa na Ruvuma, mstari wa bahari ulianzia katika ghuba ya mto huo, kati ya Ras Mwambo upande wetu na Rasi Suafo upande wao. Kama mpaka ungekuwa nyuzi 10 na dakika 40, ungeanzia kusini zaidi, kwenye mlango wa Palma. Mwaka 1988 hakuna aliyelijali sana jambo hilo. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ikapata gesi katika kina cha bahari mbele ya Palma, kisha Eni nayo ikapata, na bonde la Ruvuma likahesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za gesi zilizovumbuliwa duniani katika karne hii. Sitaki kuchochea madai. Mpaka ni mpaka, na Umoja wa Afrika umekwisha sema tuliyorithi tuyaheshimu. Nasema tu kwamba uamuzi uliopita kimyakimya Paris siku moja ya Septemba unahesabiwa leo kwa futi za ujazo.

Harufu ya gesi ndiyo iliyoleta siri ya pili, na hii haikutoka Ulaya peke yake.

Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilizoundwa chini ya idara ya usalama wa taifa zilikopa zaidi ya dola bilioni mbili za Marekani kutoka benki za Credit Suisse na VTB ya Urusi. ProIndicus ilichukua dola milioni 622 kwa ajili ya kulinda pwani: rada, boti za doria, ndege. Ematum ilichukua milioni 850 kwa ajili ya meli za kuvua jodari. MAM ilichukua milioni 535 kwa karakana za meli. Muuzaji wa vifaa vyote alikuwa mmoja, Privinvest. Hoja iliyouzwa kwa wakopeshaji ilikuwa pwani hii hasa: gesi ipo, maharamia wapo, lazima pawe na ulinzi, na gesi hiyohiyo italipa. Waziri wa fedha, Manuel Chang, alitia sahihi dhamana za serikali bila kuzipeleka Bungeni kama sheria ilivyotaka. Mkopo wa Ematum ulijulikana mapema kwa sababu uliuzwa kama hati fungani. Mingine miwili ilifichwa kwa Bunge, kwa wahisani na kwa Shirika la Fedha la Kimataifa hadi Aprili 2016, gazeti la Wall Street Journal lilipoifichua.

Miaka mia kamili ilikuwa imepita tangu Grey aseme chapisheni kwanza. Mwaka 2013 hapakuwa na aliyelazimisha sharti hilo. Wakopeshaji wenyewe, wenye mawakili ghorofa kwa ghorofa, walipokea dhamana ya nchi maskini bila kuuliza ukurasa wa taarifa za Bunge uko wapi.

Yaliyofuata yanajulikana kwa uchungu. Shirika la Fedha na wahisani walisimamisha misaada ya bajeti, sarafu ya metikali ikaporomoka, na bei zikapanda sokoni. Wakaguzi wa Kroll walisema mwaka 2017 kwamba dola milioni 500 hazijulikani zilikokwenda. Meli za Ematum zilizojengwa Cherbourg zilikaa zimefungwa bandarini Maputo, kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano kutoka kwa jodari na maharamia waliotajwa kwenye karatasi. Oktoba 2017 wapiganaji wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia. Agosti 2020 waliiteka bandari yake. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia Palma, wakaua, wakachoma, na TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi wa Afungi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 20. Watu wa wilaya nzima walikimbia, kwa miguu, kwa mashua, na wengine wakashika njia ya kale ya Namoto kuelekea mtoni. Safari hii mto haukuwapokea wote. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika hadharani mwaka huo kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa. Gazeti la Kitanzania halina budi kuliandika hilo, maana tumezoea kujisifu kwa ukarimu wa miaka ya vita vya uhuru vya FRELIMO.

Sisemi kwamba boti za ProIndicus zingeizuia vita ya Cabo Delgado. Vita hiyo ina mizizi yake: vijana bila kazi, ardhi iliyotwaliwa, rubi za Montepuez, mahubiri ya chuki, miaka mingi ya kusahauliwa. Ila ukitaka mfano wa serikali iliyokopa kwa jina la ulinzi wa pwani, halafu pwani ikabaki bila ulinzi na deni likabaki, huupati wazi kuliko huu.

Haki ilifika kwa vipande. Agosti 2021 washtakiwa 19 walisimamishwa mbele ya Jaji Efigénio Baptista katika hema lililojengwa ndani ya gereza lenye ulinzi mkali karibu na Maputo, na kesi ikarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Ndani ya hema hilo alikuwemo Ndambi Guebuza, mtoto wa rais aliyekuwa madarakani mikopo ilipochukuliwa, na mkuu wa zamani wa usalama, Gregório Leão. Desemba 2022 watu 11 walitiwa hatiani. Hao wawili walipewa miaka 12 kila mmoja. Chang, aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Johannesburg Desemba 2018, aligombaniwa na nchi mbili kwa miaka zaidi ya minne kabla ya kupelekwa New York, ambako alipatikana na hatia mwaka 2024 na kuhukumiwa miaka minane na nusu Januari 2025. Credit Suisse ililipa faini za mamia ya mamilioni ya dola. Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamuru Privinvest iilipe Msumbiji fidia kubwa.

Dawa ya deni kulipa, husema Waswahili. Hawakusema alipe nani pale mkopaji anapokuwa gerezani, fedha hazionekani, na aliyebaki mbele ya mdai ni mvuvi ambaye sahihi yake haikuombwa. Juni 2019 Baraza la Katiba la Msumbiji lilitamka kwamba dhamana ya Ematum ilikuwa batili tangu mwanzo, na mwaka uliofuata likatamka hivyo hivyo kwa ProIndicus na MAM. Ni tamko la wazi, lililosomwa hadharani, la chombo cha juu kabisa cha nchi katika mambo ya katiba. Miezi michache baada ya lile la kwanza, serikali ilikubaliana na wenye hati fungani za Ematum kubadilishana za zamani kwa mpya zenye thamani ya dola milioni 900. Riba yake ilianza kwa asilimia 5 na kupanda hadi 9 kuanzia 2023, na malipo ya mwisho yamepangwa mwaka 2031.